Dawa ya mmea nayo ina kipimo

Mhariri,

Inanisikitisha kuona dawa za mimea zikisifiwa kuwa hazina madhara, eti kwa sababu ni za asili. Digoksini, dawa ya moyo, hutoka kwenye majani ya mmea uitwao dijitalisi, na kipimo kinachotibu kimekaribiana mno na kinachoua.

Tu Youyou, mwanasayansi wa China na mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, alishuku kuwa joto la kuchemsha mmea wa pakanga linaharibu kiini kinachopambana na malaria. Akakitoa kwa etha, kimiminika cha kuyeyushia, kwa joto la chini. Mmea ni uleule. Maandalizi ndiyo yaliyobadilika.

Wauzaji waandike kilichomo na kiasi chake. Mgonjwa naye amtajie daktari kila mzizi anaokunywa, hasa akitumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Msomaji wako