Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Utafutaji wa Nasaba za Wazee wa Freretown na Rabai

Wazee wetu, akina mama, ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tulisafisha makaburi mara mbili, tukawazika wenzetu watatu, Mungu awalaze mahali pema, tukarekodi masimulizi ya wazee watano, na vijana wakapiga picha madaftari mawili ya ubatizo na moja la ndoa. Kamati ilikutana mara saba.

Mapato yalikuwa shilingi 148,300: ada 44,400 na michango 103,900. Matumizi 131,750, baki 16,550. Kati ya wanachama 112, waliolipa ada ni 37. Wanaodaiwa ni 75, jumla 90,000. Fedha hizo zingetosha kumaliza madaftari yote yaliyobaki, na mengine yameshaanza kuliwa na mchwa.

Mahudhurio pia yamenihuzunisha. Tuliitisha mikutano minne, miwili ikavunjika kwa kukosa akidi. Ule wa Agosti tulikuwa 14, tukangoja kuanzia saa nane hadi saa kumi kasorobo.

Sasa nije kwenye safu ya asili, yaani ile safu ya orodha yetu ya nasaba inayotaja kabila la kila mzee, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi leo.

Mwezi wa Mei kamati ilipitisha kwamba katika orodha ya nasaba iliyobandikwa ukumbini, kila mzee aandikwe na asili yake kama daftari linavyosema: Myao, Mnyasa, Mmakua, Mngindo. Familia nne ziliomba safu hiyo ifutwe. Mzee mmoja ninayemheshimu kama baba yangu aliniambia nimefukua utumwa uliokwisha kuzikwa. Maneno yale yaliniuma, usiku ule sikupata usingizi. Lakini sikuubadili uamuzi, na naomba mnisikilize.

Freretown, kule Mombasa, ilianzishwa na misheni ya CMS (Church Missionary Society, shirika la wamisionari Waanglikana wa Uingereza) mwaka 1875 kuwapokea watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa na manowari za Kiingereza. Watoto wengi walishuka pale hawana baba wala mama, na walipobatizwa wakapewa majina ya Kizungu. Mahali pa jina la mzazi pamebaki patupu. Kisha mtoto wa James akaitwa John James, na mjukuu akawa Peter John. Ukimtafuta mtu wetu kwa jina la mwisho, kizazi cha pili tu umeshapotea. Katika daftari moja nimewahesabu akina James 11 ndani ya miaka sita! Kinachowatenganisha ni majina ya wadhamini wa ubatizo na hiyo safu ya asili. Kuna familia humu ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipalilia kaburi la James asiye wao kila Pasaka. James wao ni Mmakua. Yule ni Myao. Tungeifuta safu, wangelipalilia hadi leo.

Kwa upande wa Rabai, misheni nyingine ya CMS karibu na Mombasa, lililokera ni neno "mtoro", yaani mtumwa aliyetoroka. Tarehe 1 Januari 1889 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala Pwani ilitoa vyeti vya uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha misheni, baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Watu hao walikuwa wamejitoa utumwani kwa miguu yao wenyewe, kabla ya cheti chochote. Mimi ni kitukuu cha mtoro. Jina lake nimelitanguliza katika orodha, na neno lenyewe nimeliacha pale pale.

Wanaosema niliamua peke yangu, nakala ya barua ya mkutano iko kwa katibu. Ilitoka siku 21 kabla. Na wanaouliza nimekula nini, siku tisa nilizokaa nikisoma mafaili ya Pwani katika Jumba la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, nauli na malazi nilijilipia. Orodha ile isingefika hapa ilipo bila siku hizo. Familia inayoona uzito iniandikie, karatasi yake itahifadhiwa kabatini badala ya ukutani. Kufuta hatutafuta.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tungependa kutazama madai ya mashamba yaliyopelekwa chini ya sheria ya hatimiliki za ardhi ya 1908, ambayo iliwataka watu wa Pwani waeleze mashamba yao waliyapataje. Tuna matumaini pia ya kupata nakala za nyaraka za CMS zilizoko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Mwenye kijana huko atuunganishe naye. Suala la turubai na viti vya matanga nalo kamati inalo, litaangaliwa hali ikiruhusu.

Kwa sasa, mwenye cheti cha zamani cha ubatizo, kipande cha babu (kitambulisho cha enzi ya ukoloni), au Biblia iliyoandikwa majina ya watoto nyuma ya jalada, amletee katibu. Tutaipiga picha mbele yako na utaondoka nayo. Ada ni shilingi 1,200, na mwekahazina yuko mlangoni hadi saa kumi na moja.

Mwenyekiti