Mama Neema, ini langu linang'aa

Kamwene dada, kamwene wangu. Za Kihesa, za watoto, za mzee? Sisi huku Mbeya tupo tu, baridi ya mwezi wa saba unaijua mwenyewe, Loleza hatuuoni mpaka saa nne na mimi dukani nauza mitandio nikiwa nimejifunga mitatu.

Najua nimekaa kimya tangu Pasaka, ulipiga mara tatu sikupokea, usininunie, nilikuwa sijui naanzia wapi. Sasa naanza na lenyewe: nimekutwa na ini lenye mafuta. Na kabla hujauliza, hapana, sijaanza kunywa.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tano soriasisi, huu ugonjwa wangu wa ngozi, ilicharuka, viwiko, magoti, mgongo, mpaka kichwani, yale magamba nikivaa nyeusi mabega yanakuwa kama nimetoka mashineni kusaga. Dawa za kupaka zikagoma. Daktari akasema basi twende kwenye methotreksati, kidonge cha kutuliza kinga ya mwili, hiyo hiyo yako ya Jumapili, ila kwanza tupime damu na tupige altrasaundi ya ini. Moyoni nikasema huyu ananimalizia hela tu, mimi naumwa ngozi yeye anatafuta ini.

Nikalala pale kitandani, kijana akanimwagia ile jeli ya baridi tumboni nikaruka, anakandamiza kifaa chini ya mbavu za kulia, "vuta pumzi mama, ishikilie", nikaishikilia, halafu akanyamaza. Unakijua kile kimya cha mpimaji. Akanigeuzia skrini, hii figo, hili ini. Figo nyeusinyeusi, ini linang'aa jeupe kama mbalamwezi. Dada mimi nikafurahi! Nikasema asante Yesu, linang'aa. Kijana akacheka mpaka akaweka kifaa chini, mama, huko kung'aa ndo mafuta yenyewe, hivi viwili vilitakiwa rangi zikaribiane.

Daktari swali la kwanza: unakunywa kiasi gani kwa wiki? Mimi! Wa kwaya ya akina mama, komoni ya msibani tu napita nayo mbali. Namwambia sinywi ananiangalia, narudia sinywi anaandika. Na nilivyo mjinga nikamhadithia wifi, yule yule, keshokutwa yake soko zima la Mwanjelwa linajua mama wa mitandio anakunywa kwa siri, ini limemuumbua. Kuna mteja kaja kunipa pole huku ananusa. Nakwambia ananusa!

Nikarudi kwa daktari na hasira zangu ndo akanikalisha vizuri. Kumbe hata wataalamu wenyewe 2023 walilibadilisha jina la huu ugonjwa, lile la zamani la Kizungu lilikuwa limetaja pombe ndani yake, mgonjwa hajanywa lakini jina tu linamnyooshea kidole. Nikasema wangekuja kumwambia wifi.

Ila lililonikata maini (haha, maini) ni hili. Anasema sisi wa soriasisi hili ini lenye mafuta linatupata zaidi kuliko wenzetu wenye ngozi safi. Ule moto wa kinga ya mwili haukai kwenye ngozi peke yake, unazunguka mwili mzima, sasa ukiwa na kitambi na sukari inayopandapanda vinachocheana, insulini inazidiwa, mafuta yanaenda kujazana kwenye ini. Wengi yanakaa tu kimya, wengine ini linavimba, linaanza kuweka makovu, na makovu yakizidi ndo linasinyaa. Na haliumi. Vipimo vyangu vya damu vya ini vilikuwa vya kawaida kabisa, isingekuwa ile picha ningekuwa nacheka mpaka leo. Miaka 11 nina huu ugonjwa, nimehangaika na mikono mirefu na sketi za kufagia chini, hamna aliyewahi kunigusia habari ya ini, na mimi nimekuwa naona soriasisi ni ugonjwa wa nguo.

Kapiga hesabu yake ya umri wangu, vimeng'enya viwili vya ini na chembe sahani, zile za kugandisha damu, kasema makovu haielekei kama yapo. Methotreksati tumeiweka pembeni kwanza. Yaani mafuta yalikuwepo kabla sijameza hata kimoja, ningeyajua baadaye ningeisingizia dawa maisha yangu yote.

Nina kilo 84. Nikipunguza 4 mafuta yanaanza kupungua, nikifika 6 mpaka 8 hata kule kuvimba kwa ini kunatulia. Nimepunguza 2 na nusu kwa wiki sita, usicheke, soda nimeacha, chai nilikuwa naweka vijiko vinne sasa hata kimoja siweki, chai ya Rungwe bila sukari ni kama kulamba jani la mti. Kahawa ya Mbozi kanikubalia, chungu hivyo hivyo, eti wanywaji wa kahawa makovu ya ini kwao yanaonekana machache. Jioni natembea kwa mguu Mwanjelwa mpaka Soweto, bodaboda wote wananijua, wananipigia honi. Wifi naye kaniletea chupa ya mitishamba ya kusafisha ini. Nimeimwagia maua, mitishamba mingine inaliua ini lenyewe, na maua nayaangalia.

Sasa nakuja kwako, na ndo maana nimeandika badala ya kupiga, kwenye simu ungenikatisha. Kwenye harusi ya mtoto wa Sanga nilikuona. Ulikuwa Jumamosi na ulanzi, pombe ya mianzi, tena si mtogwa ule mtamu usiochacha, usinidanganye nilinusa (na mimi nimekuwa kama yule mteja), halafu Jumapili asubuhi ukatoa kidonge chako cha methotreksati kwenye pochi ukameza mbele yangu. Nikakuuliza ukasema foliki, ile vitamini unayomeza pamoja na hiyo dawa, inafuta. Nimeuliza dada. Foliki inapunguza vidonda vya mdomo na kichefuchefu, ulanzi haiufuti. Pombe na hicho kidonge vyote mzigo wake unabebwa na ini, na kama chini kuna mafuta kama yangu basi ni punda mmoja magunia matatu. Sikuambii uache dawa, usiache kienyeji, viungo vyako vya vidole navikumbuka vilivyokuwa kabla. Nasema nenda kapime. Halafu ulanzi, aah, ulanzi tutaongea.

Mara ya mwisho damu ulipima lini? Altrasaundi ya ini ulishapigwa hata mara moja? Mama yako sukari ilimwanza na miaka mingapi? Ile suruali ya kijani bado inafunga? Mzee anajua hicho kidonge ni mara moja kwa wiki, au siku ukiumwa yeye ndo atakupa kila siku kama panado? Na umeninunia au hujaninunia?

Ukienda niambie, nitapanda basi nije tukae wote kwenye foleni, mtandio wa kujifunika nitakuletea. Maparachichi nimempa konda wa basi la Alhamisi asubuhi, boksi lina kamba ya bluu. Manne ya juu yameiva, uyale siku hiyo hiyo.

Wako,
Mama Gwakisa