Masika Yakianza na Vibonye vya Piano Kukwama, Weka Mafuta Kando

Masika yakishika Nairobi, simu ya karakana yetu haipumziki. Lalamiko ni lile lile: "Fundi, nikibonyeza hakirudi." Mara nyingi mwenye piano huwa ameshapuliza yale mafuta ya bawaba za mlango kabla hajatupigia. Kazi ya saa moja inageuka kuwa ya siku mbili.

Kibonye cha piano ni kipande kirefu cha mti chenye matundu mawili, moja katikati na jingine upande wa mbele. Matundu hayo yamewekewa felti, yaani kitambaa kinene cha sufu, na pini ya chuma huingia humo. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno, ya kutosha tu kibonye kupanda na kushuka bila kuyumba. Hewa ikijaa unyevu, mti huvimba, felti nayo huvimba, nafasi inakwisha. Msuguano unatoka hapo, na mafuta hayawezi kuuondoa. Felti huyanywa, kibonye kinacheza vizuri siku mbili tatu, halafu vumbi linanasa na kila kitu kinakuwa kama gundi. Felti iliyolowa hivyo hatuifui; tunaing'oa na kubandika mpya. Mteja wetu mmoja wa Lang'ata alipuliza vibonye vyote 88. Bili yake hatuitaji hapa, tusije tukamkumbusha.

Kabla ya kutupigia, jaribu hivi. Kibonye kikibaki chini na ukikiinua kwa kidole unahisi kinakwaruza, tatizo liko kwenye yale matundu. Tunaibana felti taratibu kwa koleo maalumu na kinaachia. Lakini kibonye kikirudi vizuri na sauti isitoke mara ya pili, fungua kifuniko cha juu utazame nyundo zinazopiga nyuzi: iliyochelewa karibu nazo ina shida kwenye ekseli yake, kipini chembamba sana ambacho nacho huzunguka ndani ya felti. Hicho usikiguse. Wakati mwingine tunabadilisha kipini hicho tu, tukachagua chembamba kidogo. Na wakati mwingine, lazima tuseme, tunakuta shilingi kumi na penseli ya mtoto.

Unyevu huo huo ndio unaovuruga sauti. Ubao wa sauti ulio nyuma ya nyuzi hutuna, ukazisukuma, zikakaza zaidi. Noti ya La ya katikati, iliyowekwa kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, inapanda. Januari na Februari, jua likikausha nyumba, inashuka. Kwa hiyo usituite tutyuni, yaani turekebishe mkazo wa nyuzi ili sauti zikae sawa, wiki ya kwanza ya mvua. Subiri hali ya hewa itulie wiki kadhaa, la sivyo utalipa mara mbili.

Kinachoumiza piano zaidi ni kuyumba kwa unyevu, kuliko unyevu wenyewe. Nunua kipima unyevu kidogo, kiweke juu ya piano, na ujaribu kukaa kati ya asilimia 40 na 60. Zile nyumba za zamani za Karen na Lavington zenye mahali pa kuwashia moto zina mtego wake: Julai baridi ikikaza, watu huwasha kuni na piano iko hatua mbili tu kutoka hapo. Isogeze. Iondoe pia dirishani na kwenye ukuta unaotoa jasho. Piano zinazoletwa kutoka Mombasa tunazihofia zaidi, kwa sababu zimezoea hewa ya bahari. Zikikauka huku juu, vigingi vya nyuzi hulegea na ubao unaweza kupasuka. Yako ikifika, iache itulie kabla ya kuityuni, na usiiweke juani hata siku moja.

Ukitupigia, tusomee kipimo cha asubuhi na cha jioni. Vipimo hivyo vikiwa mbalimbali sana, tutazungumzia madirisha yako kabla ya kuja na koleo.