Rehani na kivumbasi si mmea mmoja

Mhariri, assalaam aleikum. Nimeisoma ile makala yenu ya dawa za majani, ile iliyosema mtoto mchanga akishikwa na mafua mamake achemshe rehani amkogeshe, halafu mwandishi akaongeza kwamba kama rehani hakuna atumie kivumbasi manake ni mmea mmoja wenye majina mawili. Hapo ndipo nikaona lazima niandike. Si mmea mmoja, na huku Lamu mtoto akitumwa kuchuma rehani za kutia kwenye kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia, pamoja na asimini akirudi na kivumbasi atarudishwa papo hapo, harufu tu inatosha.

Jenasi, yaani kundi la mimea yenye udugu wa karibu, ni moja, hilo nakubali. Inaitwa Ocimum na imo kwenye familia ya nanaa, ndio maana ukilishika shina lake ukalizungusha kwa vidole unasikia pembe nne, na majani yanatoka mawili mawili yanatazamana. Lakini jenasi hiyo ina spishi, yaani aina za mimea, 60 na kitu na nyingi zaota hapa hapa Afrika, sasa kusema zote ni kitu kimoja kwa vile zanukia ni kosa, na kwenye ukurasa wa afya ni kosa kubwa.

Rehani ya vikuba ni Ocimum basilicum, mmea mdogo unakufika magotini hivi, jani laini, ua jeupe au la rangi ya waridi iliyofifia. Kivumbasi nacho watu huita mimea zaidi ya mmoja, kuna kile kikubwa chenye shina la mti kabisa kinachoweza kumpita mtu kimo, jani lake pana lina meno meno kama msumeno, hicho ni Ocimum gratissimum, halafu kuna kidogo chenye vinyweleo kinachojiotea pembeni mwa njia na mashambani, Ocimum americanum, ambacho pamoja na jina hilo asili yake si Marekani bali ni Afrika na Asia.

Anayebisha naomba afanye hivi. Achukue tawi la rehani lililokwisha kuchanua na tawi la kivumbasi kikubwa, asitazame majani, atazame kile kikombe kidogo kinachobaki baada ya ua kudondoka. Kina mdomo wa juu mpana wa mviringo, na chini vijimeno vyembamba. Kwenye rehani kikombe kiko wazi, ukichungulia kooni utaona vinyweleo. Kwenye kivumbasi kikubwa mdomo wa chini umejibana juu hadi kikombe kimefumba. Halafu azikung'ute mbegu kila aina kwenye kikombe chake cha maji angoje kidogo, za rehani zitavimba zivae ute mweupe, ndizo zile tunazotia kwenye faluda, za kivumbasi kikubwa zitakaa vile vile au zitoe ute kidogo sana. Hakuna haja ya maabara hapo, mtoto wa shule ya msingi anaweza, na kwa kweli ningependa walimu wa sayansi wa hapa Lamu na kule Malindi wawafundishe watoto kwa mimea hii iliyo uani kwao.

Na tofauti haiko kwa umbo peke yake, hata mafuta yaliyomo ndani ya jani si yale yale. Rehani nyingi huwa na linaloli, yenye harufu tamu ya maua. Kivumbasi kikubwa mara nyingi huwa na yujenoli kwa wingi, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayoipa karafuu ukali wake, na mingine huwa na thimoli, na hata mimea miwili ya spishi hiyo hiyo iliyoota sehemu mbali mbali inaweza kutofautiana. Yujenoli ikizidi inawasha ngozi. Mtu mzima anayefukiza kivumbasi jioni mbu wakimbie ni jambo moja, lakini kumwambia mama amkogeshe mtoto wa miezi mitatu kwa jani ambalo hamkumtajia ni lipi wala kiasi gani, wallahi mhariri hilo halifai.

Najua kuna watakaosema hata wataalamu wenyewe hawatulii, kila siku wanabadilisha majina. Ni kweli wanabadilisha. Kwenye vitabu vya zamani vya mimea ya Afrika Mashariki utakuta Ocimum suave imehesabiwa kama spishi yake, siku hizi imeunganishwa na gratissimum baada ya Alan Paton, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew kule Uingereza, kuipitia jenasi hii kwa Afrika mwaka 1992, na miaka michache baadaye jenasi nzima iliyokuwa ikiitwa Becium ikaingizwa humo humo. Ule mtulasi wanaouheshimu Wahindu, Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi aliyeanzisha utaratibu huu wa majina ya kisayansi, aliupa jina tenuiflorum mwaka 1753 halafu mwaka 1767 akaupa tena jina sanctum, na kwa kanuni yao jina lililotangulia ndilo linaloshika. Lakini hao wakiunganisha au wakitenganisha wanaandika ni kwa nini, kikombe kikoje, mbegu zikoje, na mmea wenyewe umekaushwa umehifadhiwa mtu akitaka aende akauangalie. Mwandishi wenu ameunganisha spishi kwa sentensi moja bila kutoa sababu.

Tena kujua spishi kuna faida ya mfukoni. Kule Kakamega wakulima wanalima Ocimum kilimandscharicum, yenye kafuri ndani yake, mafuta yake yanatengenezwa dawa ya kuchua. Wangepanda yoyote inayonukia wangepata mafuta mengine kabisa. Sisi pwani tuna hizi zetu na hatujaanza hata kuzitenganisha.

Kwa hivyo naomba mambo mawili. Kwanza mtoe masahihisho upesi, hasa pale pa mtoto mchanga, na muandike wazi asikogeshwe kwa majani hayo mpaka mama aulize kliniki. Pili mkiandika tena habari za mmea wa dawa mtie jina la kisayansi na picha ya ua kwa karibu, na kabla ya kuchapisha mpeleke tawi lenye maua na mbegu kwa wataalamu wa hifadhi ya mimea iliyoko makumbusho ya taifa Nairobi wawaambie ni spishi gani. Mkikosa tawi la kupeleka mimi nitawachumia, rehani na vivumbasi vyote viwili, niwakaushie kwenye magazeti.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu