Msiwafundishe watu kupiga picha maneno yale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nirekebishe jambo lililotoka katika safu yenu ya teknolojia kuhusu kutunza sarafu za kidijitali kama bitcoin, na niseme wazi kwamba naandika nikiwa na hasira kidogo. Jumamosi iliyopita jirani yangu, kijana anayeuza vipuri vya pikipiki, alikuja kibarazani kwangu na simu mkononi akanionyesha picha. Ilikuwa karatasi yenye maneno 24 ya Kiingereza, yamepangwa kwa namba, mwandiko wake mwenyewe. "Mzee, nimefanya kama gazeti lilivyosema. Karatasi ikiungua, picha ninayo." Nikamwambia azime simu. Halafu nikamwambia aiwashe tena, maana kuizima hakukusaidia kitu: picha ilikuwa imeshapanda mtandaoni yenyewe, kama picha zake zote zinavyopanda usiku akiwa na bando.

Mwandishi wenu alisema mambo mawili. Kwanza, kwamba kile kifaa kidogo cha woleti, yaani pochi ya sarafu hizo, kinachochomekwa kwenye kompyuta ndimo sarafu zinamokaa, kwa hiyo kikipotea na fedha zimekwenda. Pili, kwamba maneno 24 unayopewa na kifaa siku ya kwanza uyapige picha uyahifadhi kwenye simu. La kwanza ni kosa la kawaida, wengi hulifanya. La pili linaweza kumfilisi mtu.

Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nilifanya kazi benki miaka 27, na 11 ya mwisho nilikuwa mmoja wa washika funguo wa chumba cha hazina. Mwanangu anaandika programu kwa wateja wa nje, na baadhi yao humlipa kwa bitcoin. Mwaka 2021 aliniletea kifaa hicho kikiwa ndani ya boksi lake, hakijafunguliwa, akasema, "Baba, wewe ulishika za benki, shika na hizi." Nilicheka. Kisha nikakaa kusoma, maana sijawahi kushika ufunguo wa mlango nisioujua.

Sarafu hazimo ndani ya kifaa. Zimeandikwa katika daftari la mtandao wenyewe, ambalo nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Kifaa kinatunza ufunguo wa kutilia saini, basi. Ile programu ya kwenye kompyuta, inayoonyesha salio na kitufe cha kutuma, mimi huiita karani wa dirishani. Inajaza hati na kuipitisha kwenye waya hadi kwenye kifaa. Kifaa kinaonyesha kwenye kiskrini chake anwani ya mpokeaji na kiasi. Ukibonyeza kukubali, kinatia saini humo humo ndani na kumrudishia karani hati iliyosainiwa aipeleke. Ufunguo wenyewe hautoki, na kompyuta hata ikijaa virusi haiuoni. Sasa yale maneno 24 ndiyo ufunguo huo, umeandikwa kwa namna ambayo binadamu anaweza kuunakili bila kukosea. Yanatoka katika orodha maalumu ya maneno 2048 iliyotungwa mwaka 2013, na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitambua kila neno. Zipo orodha za Kiingereza, Kijapani, Kihispania, hata Kicheki. Ya Kiswahili hakuna, ndiyo maana mke wangu huyaita "yale maneno ya wenyewe."

Kwamba fedha hazimo ndani nilithibitishiwa na mjukuu wangu wa miaka sita. Alikikuta mezani, akabonyeza namba ya siri kwa kubahatisha mara tatu, kikajifuta chote, kama kilivyoundwa. Mama yake alitaka kumchapa. Nilitoa karatasi, nikaingiza maneno moja moja kwenye kifaa chenyewe kwa vile vitufe vyake viwili, kazi ya karibu saa nzima kwa macho yangu haya, na salio likarudi vilevile. Aliyesoma makala yenu angekitupa jalalani, akaenda kulia.

Hatari iko kwingine, nami ilinipitia karibu. Mwaka juzi laptopu yangu ilikufa, nikanunua nyingine iliyotumika, ikabidi niiweke programu upya. Nikaitafuta mtandaoni kwa jina, nikabofya jibu la kwanza kabisa, ambalo kumbe lilikuwa tangazo la kulipiwa. Ikashuka, ikafunguka: nembo ileile, rangi zilezile. Ikasema kifaa changu kina hitilafu, niandike maneno yangu 24 kwa kibodi ili kirekebishwe. Nikaanza. Nilikuwa nimefika neno la 11. Mke wangu alikuwa pembeni na ungo anachagua mchele. Yeye kompyuta haijui wala hataki kuijua. Akauliza tu, "Hivi kule benki, mteja akija dirishani mlikuwa mnamtajisha namba yake ya siri?"

Mkono ulikufa juu ya kibodi. Nilizima modemu, nikafunga laptopu, na jasho likanitoka ingawa feni ilikuwa inazunguka.

Mwanangu alinipigia hesabu kwa simu: mwenye maneno 11 bado anakosa 13, na hayo hayabahatishwi, kwa hiyo nikalale. Sikulala. Benki, ufunguo ulioguswa na mgeni haujadiliwi, kitasa kinabadilishwa. Na kwa kuwa nina kifaa kimoja tu, kazi ilikwenda hivi, kwenye kompyuta nyingine niliyoazima: nilikifuta kifaa kikanitungia maneno mapya, nikayaandika, nikanakili anwani mpya ya kupokelea. Nikakifuta tena, nikarudisha maneno ya zamani, nikatuma kila kitu kwenye ile anwani. Nikakifuta mara ya tatu, nikarudisha maneno mapya, nikakaa kusubiri nione kama salio limefika. Lilipoonekana, adhana ya alfajiri ilikuwa inatoka. Lakini nilipata faida ambayo sikuitafuta: karatasi zote mbili nilizijaribu kwa vitendo. Ni wangapi wana karatasi ambayo hawajawahi kuijaribu hata mara moja?

Msidhani wanaonaswa ni wazee kama mimi tu. Novemba 2023 programu bandia iliyojifanya Ledger Live, programu ya woleti za Ledger, kampuni inayounda vifaa vya aina hii, ilikutwa ndani ya duka rasmi la Microsoft, na watu walipoteza zaidi ya dola nusu milioni kabla haijaondolewa. Tangu yangu yanikute, anwani ya tovuti naiandika kwa mkono, herufi kwa herufi, kutoka kwenye kikaratasi nilichobandika ndani ya mlango wa kabati. Na popote panaponiambia niandike maneno yale kwa kibodi, iwe programu, iwe barua pepe, iwe kijana mwenye sauti tamu kwenye simu, nimeshajua ni nani.

Kuna na hili la kiskrini. Vipo virusi vinavyosubiri unakili anwani ya mpokeaji, na unapoibandika vinaweka ya mwizi. Kwenye kompyuta ni rahisi kutoiona tofauti. Ndiyo maana anwani naisoma kwenye kifaa, yote, kwa sauti, kidole kikifuata, huku nikiilinganisha na aliyoniandikia mpokeaji. Wajukuu hunicheka. Februari 2025 soko la sarafu la Bybit liliibiwa takriban dola bilioni 1.5 kwa siku moja. Ukurasa wa kompyuta uliwaonyesha wahusika uhamisho wa kawaida. Kilichopelekwa kwenye vifaa vyao kilikuwa kitu kingine, tena kwa mlolongo wa herufi na tarakimu usioeleweka, wakasaini. Mkuu wa kampuni, Ben Zhou, alikuwa miongoni mwa waliosaini. Kwetu, aliyesaini hati asiyoweza kuisoma aliitwa ofisini siku hiyohiyo.

Kuhusu karatasi kuungua, hofu ya jirani yangu si ya kipuuzi. Hapa Tanga moto ndio mdogo. Kuna mchwa, na kuna hewa ya chumvi inayofanya wino uenee kama mchuzi. Nilinunua herufi za kugongea, zile mafundi wanazotumia kugonga namba kwenye chesisi, na kibati cha chuma kisichoshika kutu. Nikagonga herufi nne nne za kila neno, mwenyewe, kwa nyundo, mchana kweupe ili majirani wadhani natengeneza jiko. Fundi sikumwita, maana angeyaona. Kibati cha pili kiko Muheza kwa dada yangu, ndani ya bahasha niliyoisaini juu ya gundi, kama benki ilivyokuwa ikipeleka funguo za akiba tawi jingine. Kila baada ya Idi naenda, naitazama saini yangu kama imekatika, nakula wali, narudi. Dada hajui kilichomo na hajawahi kuuliza.

Mwanangu alinishauri niongeze na neno la siri la 25, la kukaa kichwani tu. Nililijaribu wiki mbili nikaliacha. Kwa umri wangu naogopa kusahau kuliko ninavyoogopa mwizi.

Siandiki haya kuwavuta watu kwenye sarafu hizi. Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba biashara ya sarafu hizi inakiuka kanuni za fedha za kigeni, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Msomaji ayapime hayo mwenyewe. Ila aliyekwisha kuwa nazo asipotoshwe.

Jirani yangu tulimhamisha Jumapili, kwa utaratibu uleule wa kufuta mara tatu, na maneno yake mapya hayajaonwa na kamera yoyote. Wengine waliofuata ushauri wenu sina njia ya kuwafikia, ninyi mnayo. Naomba masahihisho yatoke ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule.

Ombi la mwisho: jina langu msilichapishe. Mwaka 2020 orodha ya wateja wa Ledger ilivuja, ikiwamo majina na anwani za nyumbani za watu wapatao 270,000, na mwaka uliofuata baadhi yao walitumiwa vifaa bandia kwa posta, ndani ya maboksi mazuri kabisa. Andikeni mji tu.

Mstaafu wa benki,
Tanga