Mwendo wa wazee nao upimwe kliniki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya jambo ambalo naona linapuuzwa katika kliniki zetu hapa Moshi, nalo ni mwendo wa wazee. Mzee akifika hupimwa uzito na presha na, akiwa na bahati, sukari. Lakini namna alivyoingia mlangoni, kama alikuwa akikokota mguu au akishika ukuta, haiandikwi popote, ingawa kila aliyeketi kwenye benchi ameiona.

Mama yangu ana miaka 79, na karibu maisha yake yote amepanda na kushuka miteremko ya Kibosho akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Miaka mitatu iliyopita hatua zake zilianza kuwa fupi, akawa hainui nyayo vizuri, na ukimsalimu njiani husimama kwanza ndipo aitikie. Sisi watoto wake tulidhani ni adabu. Tulipompeleka hospitali moja, ambayo sitaitaja, tuliambiwa kwa upole kwamba huo ni uzee tu, kisha akapewa dawa ya maumivu ya magoti ambayo wala hakuwa ameyalalamikia.

Mwaka uliofuata alianguka mlangoni pa jiko akavunjika mkono. Kijana wa fiziotherapia aliyekuwa akimnyoosha mkono huo ndiye aliyemwomba avue viatu, akamgusa nyayo kwa kipande cha uzi mgumu huku mama amefumba macho, naye hakuhisi kitu. Kumbe sukari ilikuwa imekwisha kuharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mtu asiyeihisi ardhi hutembea kwa kupapasa, kama aliye gizani.

Ndiyo maana silipendi neno "uzee" linapotumika kama jina la ugonjwa. Ni kweli kwamba misuli hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, lakini mwendo ulioharibika waweza pia kutokana na kisukari, kiharusi kidogo kilichopita bila kujulikana, mtoto wa jicho, dawa zinazoleta kizunguzungu, au ugonjwa wa Parkinson, yaani ule wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa mwili. Kuhusu huo wa mwisho hatuhitaji mfano wa mbali: katika utafiti uliofanywa kwa jirani zetu wa Wilaya ya Hai na kuchapishwa mwaka 2008, wengi wa waliobainika kuwa nao hawakuwa wamewahi kuambiwa kwamba wanaumwa.

Kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Pimeni mita nne sakafuni, mzee atembee kwa mwendo wake wa kawaida, nanyi mtazame saa. Akitumia zaidi ya sekunde tano, yaani chini ya mita 0.8 kwa sekunde, kuna sababu ya kumchunguza zaidi. Watafiti wa Marekani waliounganisha takwimu za wazee zaidi ya 34,000 walionyesha mwaka 2011 kwamba kasi hiyo ya kutembea huendana na muda ambao mtu anaweza kutarajiwa kuishi. Na ile tabia ya mama ya kusimama ili aitikie salamu ilikwisha kuchunguzwa Uswidi mwaka 1997 katika makao ya wazee: kati ya 12 waliosimama waliposemeshwa, 10 walianguka ndani ya miezi sita. Niliposoma hayo niliikumbuka "adabu" yetu kwa uchungu.

Najua nitajibiwa kwamba muuguzi ni mmoja na foleni ni ndefu. Hata hivyo, kumtembeza mzee mita nne hakuchukui muda mrefu kuliko kumfunga mkanda wa presha, na Moshi si mji wa kulia uhaba wa ujuzi huo, maana hospitali yetu ya rufaa ya KCMC imefundisha wataalamu wa fiziotherapia kwa miaka mingi. Naomba waganga wakuu wa wilaya zetu waongeze mstari mmoja tu katika kadi ya mzee, chini ya ule wa presha.

Kijana yule alimfundisha mama kusimama kutoka kitini bila kujishika, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Bakora aliyorithi kwa marehemu baba ilikuwa ndefu mno, akaikata hadi mpini ukafika usawa wa kifundo cha mkono mama akiwa amesimama wima, na akamwonyesha kuishika kwa mkono wa upande wa mguu ulio imara, si upande wa mguu dhaifu kama wengi wetu tufanyavyo. Juma lililopita nilimpima kwa saa yangu ya mkononi, kutoka mgomba wa kwanza hadi banda la ng'ombe, mita nne kamili nilizozipima kwa futikamba. Alitumia sekunde sita, na mwaka jana alitumia tisa. Kadi yake ya kliniki haina hata moja ya namba hizo.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Moshi