Kabla hujatia saini

Mwanangu mpendwa,

Picha za nyumba unayotaka kununua nimezitazama tena na tena. Sebule inapendeza. Ila chumba cha nyuma kimeninyima usingizi: ukuta mmoja tu umepakwa rangi mpya, na kwenye pembe ya dirisha naona alama ya lipu ikishuka mshazari.

Si kila ufa ni wa kuogopa. Ulio mwembamba kama unywele mara nyingi ni lipu tu iliyokauka. Unaonitisha ni ule unaotoka pembe ya dirisha au mlango, au unaopanda kama ngazi kwa kufuata viungo vya matofali, hasa ukizidi milimita 5. Huo mara nyingi huonyesha kwamba sehemu moja ya msingi imetitia na nyingine imebaki palepale.

Ugonjwa huwa ardhini, mwanangu, ukuta unatoa dalili tu. Udongo wa mfinyanzi hufura ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyo juu yake hupanda na kushuka nao. Kifusi kisichoshindiliwa vizuri nacho hudidimia. Hesabu mwenyewe: mvua ya milimita 30 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 3,000, na pengine zote zinamwagika kwenye kona moja.

Kona ya chumba ulichokulia ilikuwa hivyo. Niliziba ufa mara tatu, na mara tatu ukarudi. Ulitulia tulipopeleka maji ya paa mbali na ukuta na kuinua ardhi ili yasituame msingini. Hata mnara wa Pisa kule Italia, ulioanza kujengwa 1173 na kuinamia upande wenye udongo laini zaidi, ulirudishwa nyuma kidogo hasa kwa kutoa udongo chini ya upande wa pili.

Basi nenda siku ya mvua, utazame maji yanaelekea wapi. Fungua na ufunge kila mlango. Unaokwama juu, uliza umeanza lini. Weka golori sakafuni, uone kama sakafu imeinama. Muulize muuzaji kwa nini ukuta ule mmoja ulipakwa rangi. Kisha tafuta mhandisi wa majengo utakayemlipa wewe, si muuzaji, akuandikie alichokiona.

Usitoe hata arbuni kabla ya karatasi hiyo. Nipigie ukitoka huko, hata ikiwa usiku.

Mama yako